Nani Apewe Ufunguo wa Depo?

Nyuma ya nyumba nyingi za Kikula kuna chumba kisicho na cheo. Wengine hukiita depo, wengine aneksi, na wazee waliowahi kufanya kazi kwa Wazungu bado wanasema boyeri, kwa kuwa zamani hizo boi alilala nyuma ya nyumba ya bwana wake. Humo hukaa magunia ya makala, yaani mkaa, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, mabati yaliyobaki siku ya kuezeka, na mlango uliong'olewa ukasubiri nyumba ambayo haikujengwa. Likasi ina komini nne: Likasi yenyewe, Panda, Shituru na Kikula. Sina haja ya kusema depo ninalolizungumzia liko mtaa gani. Mwenyeji atakuwa ameshaliona la kwake.

Swali lenyewe ni dogo. Mtu amechoka na makelele, anataka kulisafisha depo lake, apake chokaa, aweke kiti na taa, awe na mahali pa kuketi peke yake. Ana haki hiyo? Nilipolirusha swali hili nilidhani litajibiwa kwa dakika tano, lakini lilivuta pensheni, uchawi, vumbi la kobalti na ndoa.

Sauti zinazofuata sio za jamaa moja ambayo ningeweza kukupeleka kwao ukaisalimie. Nimeziokota katika malupango mengi, yaani nyua za nyumba, nikaziketisha chini ya payote moja, kibanda kisicho na kuta. Mzee amestaafu kiwandani. Mama ni mkewe, anauza unga sokoni. Shangazi ni dada mkubwa wa Mzee, amekuja kutoka upande wa Bunkeya na hajasema anarudi lini. Mwalimu ni mpangaji wao. Fundi ameitwa kutoa bei, na Binti anasomea uuguzi.

MZEE: Mimi sikuomba gari. Miaka yangu yote nimeishi katika makelele. Kule kiwandani Shituru ukitaka kumwambia mwenzako neno, unamshika bega unampigia kelele sikioni. Nikarudi nyumbani nikakuta watoto. Watoto wamekua, wamenipa wajukuu. Nataka chumba kile cha nyuma, mita tatu kwa nne. Kiti changu, redio yangu, makaratasi yangu ya kazi. Mtu akiniita, nisisikie.

MAMA: Baba watoto, wewe unaona chumba. Mimi naona kodi ya kila mwezi. Mpangaji mmoja pale nyuma, kijana wa chuo, mtu mpole, tungepumua. Unga hauji kwa redio.

Hapa nawakatiza kidogo, maana Mama hasemi kwa uchoyo. Anasema kwa historia. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi mfanyakazi wake hakupewa mshahara tu: alipewa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto, hospitali ya kuzalia. Serikali ilipoitaifisha na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikashika kazi mwaka 1967, desturi hiyo iliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, nchi ikavurugika, na ilipofika 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na bahasha yake. Kwa wengi bahasha ile ilikwisha kabla ya mtoto wa mwisho kumaliza shule. Tangu wakati ule ua wa nyuma umekuwa ndiyo kampuni: kuku, mashine ya kusaga, duka la kadi za simu, na zaidi ya vyote, wapangaji. Mwanamke wa Kikula akitazama kuta nne zenye bati juu na kuona kodi, anaona alichofundishwa na maisha.

MWALIMU: Mama, nisamehe, mimi ni mpangaji wako, kwa hiyo neno langu lichukue kwa tahadhari. Lakini kodi si mteremko. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Malandilodi wa mji wanaijua sheria hiyo kama wanavyoijua Injili, wanaisikia Jumapili. Ukiifuata, hutapata pesa nyingi mara moja za kutengenezea chumba. Usipoifuata, unamkandamiza mtu. Na mpangaji ni mtu: ana wageni, ana choo cha kutumia, ana maji ya kuchota. Hununui ukimya kwa kuongeza mtu uani.

MAMA: Wewe Mwalimu unaogopa kushindania choo tu.

MWALIMU: Hilo pia.

SHANGAZI: Acheni mambo ya pesa. Mimi nauliza jambo jingine. Huyu ndugu yangu anataka kujifungia afanye nini?

MZEE: Nikae tu, yaya.

SHANGAZI: Mtu hakai tu. Kule kwetu kuna insaka. Ina paa, haina ukuta. Wanaume wanakaa pale, moto katikati, munkoyo kwenye kibuyu, anayepita anaonekana na anayekaa anaonekana. Kesi inasikilizwa pale, mtoto anafundishwa pale. Hata hii payote tuliyokalia ni mtoto wa insaka. Sasa wewe una payote, unataka chumba chenye kufuli. Watu wa Kikula nawajua. Mwezi wa kwanza watasema unaumwa. Mwezi wa pili watasema mna ugomvi na mkeo. Mwezi wa tatu watasema unafuga ilomba.

Walicheka, lakini si wote. Ilomba, kwa asiyeijua, ni nyoka wa uchawi ambaye husemwa kwamba mwenyewe humficha na kumlisha roho za jamaa zake ili apate mali. Mtu anaweza asiiamini hadithi hiyo na bado akaiogopa sifa yake. Katika mji ambao utajiri na ufukara vyote viwili vilitoka chini ya ardhi bila kueleza sababu, chumba kilichofungwa hakihesabiwi kuwa chumba tu. Hoja ya Shangazi naiona nzito kuliko ya kodi. Kodi ni hesabu, na hesabu hubadilika. Yeye anasema kwamba upweke ni shutuma.

MWALIMU: Lakini Shangazi, kazi nyingine hazifanyiki mbele ya watu. Kulikuwa na mwandishi wa Ireland, George Bernard Shaw, aliyeishi kijiji kimoja cha Uingereza. Alikuwa na kibanda bustanini, kidogo kuliko depo hili, kimekaa juu ya mhimili ili kiweze kuzungushwa kufuata jua. Kibanda akakiita London. Mgeni asiyetakiwa akibisha nyumbani, anaambiwa, Bwana yuko London. Haikuwa uongo.

SHANGAZI: Hapa tukisema yuko Lubumbashi, na jirani akasikia akikohoa uani?

MZEE: Basi tuite chumba Lubumbashi.

MWALIMU: Na Lubumbashi yenyewe ina mfano. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua shule ya wachoraji. Ikajulikana kama Le Hangar, yaani banda. Kutoka bandani humo wakatoka Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole vyake; Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake; Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyokatizana kama mkeka. Leo picha zao ziko katika makumbusho ya Ulaya. Banda, Shangazi! Lingejazwa makala, tungekuwa na makala.

SHANGAZI: Walikuwa wangapi humo?

MWALIMU: Wengi.

SHANGAZI: Basi hiyo ni insaka yenye rangi. Umenisaidia mimi, hukumsaidia ndugu yangu. Na nikuongezee. Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya, gitaa lake lilisikiwa wapi? Alijifungia chumbani?

Mwalimu hakujibu, maana jibu analijua kila mtu wa Likasi mwenye nywele nyeupe. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alikutwa na mrekodi wa muziki Hugh Tracey hapa hapa, Jadotville ya wakati huo, mwaka 1952, akipiga gitaa barabarani. Tracey alirekodi pale, na “Masanga” ikatoka ikazunguka dunia, hata wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakakaa chini kujaribu kuelewa vidole viwili vinafanyaje kazi ya watu watatu. Hiyo ni karata kubwa mkononi mwa Shangazi. Ila nami nina la kuuliza: vidole vile vilijifunzia wapi kabla ya kufika barabarani? Hakuna mtu anayekosea mara mia mbele ya umati na umati ukabaki. Barabara ilisikia kazi iliyokwisha kuiva, na mahali ilipoivia hapakurekodiwa na mtu yeyote.

Tukafika kwa Fundi, ambaye muda wote alikuwa akilitazama depo na si watu.

FUNDI: Mimi sijui mambo ya Ireland. Najua ukuta. Hizi ni adobe, matofali mabichi ya udongo wa kichuguu. Ni udongo mzuri, lakini mtu aliyejenga aliyapandisha moja kwa moja kutoka chini bila msingi wa mawe. Tazameni pale chini, mvua imeyalamba. Mvua yetu inaanza Novemba na kuondoka Aprili, na miezi hiyo yote maji ya bati yanamwagika mguuni pa ukuta. Kabla ya chokaa, kabla ya kiti, tuongeze urefu wa paa upande huu, tuchimbe mfereji, na tuzungushe matofali ya kuchoma sentimita hamsini kwenda juu. Rangi bila hayo ni kumpaka marehemu poda.

MZEE: Na joto?

FUNDI: Oktoba humo ndani mtapika mkate. Bati tupu halifai kwa mtu kukaa. Weka dari, hata ya mikeka, na uache nafasi ya hewa kati ya dari na bati. Halafu madirisha mawili, yatazamane. Moja halitoshi, hewa inaingia inakosa pa kutokea. Mbao za paa nitazigonga zote, mchwa wa hapa wanakula kutoka ndani na kuacha ngozi. Juni na Julai ni kinyume chake: usiku wa baridi utatamani moto. Na hapo, Mzee, nisikilize vizuri. Mbabula ya makala isiingie humo.

MZEE: Hata kidogo? Makala yakishawaka vizuri hayatoi moshi.

BINTI: Papa, ndiyo hatari yenyewe. Makala yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Chumba kidogo, mlango umefungwa kwa baridi, mtu anasinzia kwenye kiti chake. Asubuhi wanamkuta. Halafu watu wanasema amelogwa.

Shangazi akamtazama mtoto kwa jicho la kupima, lakini hakusema neno.

FUNDI: Jingine. Yale magunia mawili ya pembeni si makala. Nimeyashika, ni mazito.

MZEE: Ni mawe ya kijana wetu wa pili. Wakati ule alikuwa anachimba na wenzake.

BINTI: Yametoka wapi?

MZEE: Hakusema.

Nimesikia mijadala mingi kuhusu kupamba vyumba, na mara nyingi watu huanzia kwenye rangi ya pazia. Likasi huwezi kuanzia pale. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga: walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa wingi mno, na watoto walikuwa wamebeba zaidi ya wakubwa. Sehemu ya mzigo huo ni vumbi tunalovuta na kulamba bila kujua. Tena Shinkolobwe haiko mbali nasi, kilomita kama 20 tu. Kule ndiko uranium ya bomu la Hiroshima ilikotoka kwa sehemu kubwa. Rais aliufunga mgodi huo kwa amri mwezi Januari 2004. Watu wakaendelea kuingia, na Julai mwaka huo huo ukaporomoka ukawaua wachimbaji. Jiwe lililotolewa usiku halina cheti cha kuzaliwa. Likikaa miaka kumi ndani ya depo, depo hilo halijawa tayari kwa kiti cha kupumzikia.

BINTI: Magunia yatoke kwanza, na yasimwagwe uani watoto wanapochezea. Anayeyabeba afunge kitambaa puani, nguo zake zifuliwe peke yake. Na tusifagie kavu. Ukifagia kavu unalihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda kifuani. Tumwage maji, tupanguse kuta na mbao kwa kitambaa kibichi, turudie. Hata sakafu, ikiwa ni ya udongo, Fundi aivue tabaka la juu kabla ya kumwaga saruji.

FUNDI: Umesema vizuri, mama. Ila tukivua sakafu tuvue kidogo tu. Wengine wakianza kuchimba chumbani hawajui pa kusimama.

Huo ulikuwa mzaha wa Kolwezi, na Katanga nzima inauelewa. Mwaka 2014 wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, waligundua kwamba wamelala juu ya kobalti, na mashimo yakafunguka uani, sebuleni, chini ya vitanda. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa, watu wakahamishwa, pakazungushiwa ukuta. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema wazi kuwa udongo ni mali ya Serikali. Wewe una haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo hata chumba cha upweke, kwa karatasi, kinasimama juu ya mali ya mwingine. Fundi aliongeza, kama anayekumbuka, kwamba mtu akikuta depo lake limeezekwa kwa eterniti za zamani asizikate kwa msumeno wala kuzivunja, maana nyingi za enzi zile zina asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu polepole. La Mzee ni bati. Tukaendelea.

MAMA: Nimesikiliza. Dari, matofali ya kuchoma, saruji, madirisha mawili. Hizo ni pesa. Na pesa hizo ziende kwa kiti cha mtu mmoja! Kama tunatengeneza vizuri hivyo, ndiyo sababu ya kupangisha.

BINTI: Mama, naomba niulize. Depo hili limekaa hivi miaka mingapi?

MAMA: Tangu hujazaliwa.

BINTI: Na limeleta kodi ngapi?

MAMA: Lilete kodi ya nini na takataka za baba yako humo!

BINTI: Basi. Miaka yote hiyo depo halikuingiza hata faranga, na hakuna aliyelalamika. Baiskeli mbovu ililala humo bure. Mabati yalilala bure. Siku mtu aliposema anataka kupumzika humo, ndipo tumekumbuka kodi. Takataka zina haki kuliko mtu?

MZEE: Mwanangu amesema!

BINTI: Sijamaliza, Papa. Nina swali lako pia. Takataka zile ni za nani?

Kimya. Kuku mmoja alipita.

BINTI: Baiskeli ni yako. Mabati ni yako. Mlango ni wako. Kwa maana nyingine chumba hiki umekuwa nacho siku zote, ila hukukaa ndani, uliweka vitu vyako vikukalie. Na nje una payote. Jumapili una wenzako wa kiwandani, mnakaa na munkoyo hadi jioni na hakuna anayekuita uchote maji. Ukisema umechoka, watu wananyamaza. Mama akisema amechoka, wanamuuliza bukari iko wapi. Sasa niambieni: ndani ya lupango hili, nani hana mahali pa kukaa?

MWALIMU: Unasema chumba kiwe cha Mama.

BINTI: Nasema tumekaa tangu saa tisa tukijadili kama Papa aruhusiwe, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Mama. Hata Mama mwenyewe. Na kuna mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa Serikali. Anasoma wapi? Barabarani chini ya taa ya duka, kwa sababu ndani kuna televisheni na wajukuu. Mfano wako wa Le Hangar, Mwalimu, mzuri sana. Majina matatu umetaja. Mwanamke ni yupi?

Mwalimu alifungua mdomo akaufunga. Alijaribu kumwingiza Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeipaka historia yote ya nchi miaka ya 1973 na 1974 katika picha mia moja na kitu, akieleza kwamba wachoraji wa aina yake walitandaza rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuza mlango kwa mlango. Naye hakuwa mwanamke. Lakini magunia ya unga yalimgusa Mama, maana ndiyo maisha yake.

MAMA: Mimi sitaki chumba. Nikae humo nifanye nini? Mikono yangu haijui kukaa. Ninyi mnaongea kama watu waliosoma.

SHANGAZI: Muacheni kidogo. Wifi, sema kweli.

MAMA: Saa moja. Sio chumba. Saa moja ya mchana bila mtu kuita jina langu. Nihesabu pesa yangu bila mtu kuniangalia vidole. Nivue viatu. Basi.

SHANGAZI: Hiyo naielewa. Hata kule kwetu wanawake hatukukaa insaka. Sisi tulikuwa na mtoni. Tulikwenda kuchota maji na tukachelewa makusudi. Wanaume walidhani mto uko mbali.

Neno hilo la Shangazi lilibadilisha mjadala wote, ingawa yeye mwenyewe alilisema kama utani. Ametetea insaka kwa saa mbili, kisha akakiri kwamba yeye hakuwahi kuketi ndani yake. Insaka haina ukuta, ni kweli, lakini si kila mtu aliingia. Na mto waliouchelewea wanawake ulikuwa kimbilio lililojificha ndani ya kazi, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa ruhusa pekee. Mjini mto huo haupo. Kuna bomba, lina foleni, na foleni ina macho. Tunaposema desturi zetu hazijui upweke, tunasema desturi za waliokuwa na pa kukaa.

MZEE: Kwa hiyo nimeshindwa?

FUNDI: Mzee, chumba ni mita tatu kwa nne. Siku ina saa ishirini na nne. Mimi nimeshajenga maghala yaliyolinda mifuko ya saruji ya watu watatu.

MZEE: Na redio yangu?

BINTI: Jioni, Papa. Mchana ni wa Mama. Usiku, mdogo wangu, hadi mtihani upite. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulijengewa migodi na viwanda tangu mwaka 1930, sisi tunaupata ukitaka wenyewe, kwa hiyo tutafute taa ya jua. Lakini hakuna mshumaa, maana kuna mikeka kwenye dari.

MAMA: Na kodi?

Hakuna aliyemjibu vizuri, na sitajifanya kwamba walimjibu. Mwalimu alisema atasaidia kusafisha. Fundi alitaja bei, Mama akaikata nusu kabla hajafika mwisho wa sentensi, na hapo nilijua kuwa depo litajengwa, maana Mama hapatani bei ya kitu asichokitaka.

Nilipewa nafasi ya kusema neno langu, nalisema hapa. Kama kodi ya chumba cha nyuma ndiyo inayolipa shule na dawa, pangisha, usione aibu, na fuata miezi mitatu ya garanti. Mtu mwenye njaa haambiwi apambe. Lakini malupango mengi ninayoyajua hayako hivyo. Depo limejaa vitu vya mtu mmoja, kwa kawaida baba, na limekaa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu gharama ya kuchoka kwa mama. Hoja ya kodi huamka pale tu pumziko linapoombwa, kisha hulala tena. Na hoja ya ilomba dawa yake ni rahisi: madirisha mawili yanayotazamana, kama Fundi anavyotaka kwa ajili ya hewa, mlango unaoonekana kutoka kwenye payote, na zamu zinazojulikana na kila mtu. Chumba ambacho watu watatu wana saa zao ndani yake hakiwezi kuficha nyoka.

Basi wewe mwenye depo, anza wiki hii kabla mvua haijashika. Toa magunia, lowesha vumbi, usifagie kavu. Ongeza paa, tengeneza mguu wa ukuta, toboa dirisha la pili. Mbabula ibaki nje. Na siku ya kukabidhi ufunguo, usiuweke mfukoni mwako. Mpe mama wa nyumba kwanza, akuambie yeye saa yako ni ipi.